Mwenye telefone ya tochi, naye ni raia



Mwaka uliopita, mu mwezi wa kumi, telefone yangu ya Android ilianguka toka ku pikipiki, ikapiga barabara. Kioo kikapasuka chote. Fundi mwenye anatengenezaka matelefone ku soko akaiangalia, akaigeuza, akaniambia: "Kijana, hii ni dolari 45." Mimi nilikuwa na dolari 19 tu, na ndani ya izo kulikuwa feza za unga zenye mama alinituma. Nikafunga telefone mu karatasi, nikaenda kununua katelefone ka tochi kwa dolari 12. Kako na mabuto, kako na redio, kako na tochi kichwani, na kamefunikwa na mupira pande zote. Mwenye kukauzisha alikaangusha chini mara mbili mbele yangu, ili nione kama hakapasuke.

Nilifikiri ni mambo ya wiki mbili. Sasa ni miezi minane. Mu mwezi wa tatu nilipata kazi ya siku kumi ya kupakua mizigo, na ile feza ingetosha kutengeneza kioo. Sikutengeneza. Wenzangu mu vuguvugu wananiuliza sababu, wengine wananicheka, na mumoja alisema kama ninajifanya mutakatifu. Siko mutakatifu. Ninaandika hapa kwa sababu katelefone kale kalinionyesha jambo moja lenye linatuhusu sisi wote: tulikuwa tunasema "raia, raia," kumbe tulikuwa tunaongea na wale tu wenye kuwa na mamega.

Nianze na haya yangu. Siku ya kwanza kukatoa mbele ya watu, nilikuwa mu taksi-bisi ya kutoka Katuba kwenda katikati ya muji. Katelefone kakalia kwa sauti kubwa, bisi nzima ikageuka. Nyuma kulikuwa rafiki mwenye tulisoma naye ku iniversite. Akaniuliza: "Eh mwana, balikuiba?" Nikamujibu: "Apana, ilipasuka." Akasema: "Pole. Utainuka tu."

Utainuka! Mbele kioo kipasuke nilikuwa tayari na miaka miwili bila kazi, na lisanse yangu ndani ya valizi, na hakuna mutu aliniambia pole. Nilipokosa Android, njo watu waliona umasikini wangu. Mu muji wetu telefone imekuwa kama nguo ya kwenda nayo ku ndoa: kijana anaweza kula mara moja kwa siku, lakini telefone lazima iwe ya kuonyesha. Mimi pia nilifanya vile. Nilikuwa ninanunua mamega ya falanga 1000 kila siku mbili, na nyumbani tulikuwa tunakopa makala.

Na hapa ni Katanga. Zaidi ya nusu ya kobalti yenye inachimbwa mu dunia nzima inatoka mu inchi yetu, na inatoka zaidi huku, Haut-Katanga na Lualaba. Malori yanaipitisha ku Kasumbalesa. Kisha inarudi ndani ya batri, na kijana wa Ruashi anakopa makuta ili ainunue. Katelefone kangu nako kako na batri ya litiamu, kwa hiyo sisemi kama nimetoka mu ile biashara. Ninasema tu kama ni kichekesho kupima heshima ya kijana wa Katanga kwa telefone yenye anabeba.

Tena, haka si katelefone ka watu walioshindwa. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, na tochi kichwani, na mabuto yenye kufunikwa ili vumbi isiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na ni moja ya telefone zenye ziliuzwa zaidi mu dunia. Watu wa Tanzania wanaita telefone ya namna hii kitochi. Ku Kenya, inchi hapana komine yetu, wanaiita mulika mwizi, na ni juu ya matelefone kama haya M-Pesa ilianza kule mwaka 2007. Hata hapa kwetu, mutu anatuma makuta kwa kubonyeza nyota na namba, bila mega hata moja. Batri yangu inakamata siku tano. Redio ninasikiliza bure. Umeme ukikatika usiku mbili, ninabaki na simu na mwangaza.

Lakini sitadanganya mutu. Kuacha Android kulinigharimu, na nitasema bei yake.

Mu mwezi wa kumi na moja nilipeleka barua ya kuomba kazi ku kampuni moja. Niliandika namba yangu vizuri juu ya karatasi. Nikangojea wiki tatu. Kisha nikakutana na kijana mwenye tulipeleka barua siku moja, akashangaa: "Weye haukukuya ku teste? Liste balitia mu grupe ya WhatsApp." Jina langu lilikuwa pale, la nne. Teste ilikuwa imepita siku mbili. Nilienda ku biro yao, mulinzi hakufungua; aliniambia ku dirisha kama mambo yote ya teste inapitia ku intaneti. Hakuna mwenye alinipigia simu. Hakuna mwenye alibandika karatasi ku mulango. Na namba yangu ilikuwa juu ya barua, ndani ya biro ileile.

Usiku ule sikulala vizuri. Mama aliniambia nikope, nitengeneze kioo. Yaya yangu alisema bila kuzunguka: "Unachezea maisha yako." Na nusu ya hasira yangu ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa sababu niliona kama wanasema kweli. Lakini asubuhi niliamka na ulizo lingine. Mimi nilijua kama nilikosa teste, kwa bahati tu, kwa sababu nilikutana na yule kijana. Ni watu ngapi mu muji huu wanakosa teste, mukutano, tangazo la shule, kwa namna ileile, na hawajue hata kama kuna kitu walikosa? Na mbele ya kulaumu ile kampuni, nilijiuliza: sisi mu vuguvugu, tunatofautiana naye mu nini? Matangazo yetu yanapitia wapi?

Jibu lilikuja na mvua. Mufereji mukubwa wa kartie yetu uliziba, maji ikaingia mu manyumba, na ubao wenye watoto wanapitia kwenda shule ukabebwa. Kikundi chetu kilifanya vile tumezoea: grupe ya WhatsApp, picha za maji, tangazo lenye maneno makali. Mimi nilikuwa inje ya grupe, wenzangu njo walinihadizia. Watu 214 mu grupe! Watu wanatia ngumi, wanatia bendera, wanatuma sauti za dakika tano. Mukutano ukawekwa siku ya Posho. Mimi nilijua saa yake kwa sababu mwenzangu mumoja alikumbuka kunipigia.

Tulikuja watu 9. Wengi wa ile grupe hawakae hata mu kartie. Mumoja iko Afrika ya Kusini, mwingine iko Ubelgiji. Wanatupenda, sitakataa, lakini maji haikuingia kwao.

Nilirudi nyumbani, nikachukua kaye ya shule ya mudogo wangu yenye ilibaki na kurasa nyeupe. Siku tatu nilitembea avenu kwa avenu. Nilipiga hodi, nilisalimia, nilieleza mambo ya mufereji, niliomba namba. Kwa avenu sita niliandika namba 73. Kando ya kila namba nilitia T ao A: T ni tochi, A ni Android. Nilipohesabu, T zilikuwa 51.

Hiyo si hesabu ya muji wote. Ni avenu sita za kartie moja ya watu masikini, na mutu akienda kuhesabu ku Golf atapata ingine. Lakini wale 73 njo wenye maji iliingia kwao. Na hata mu wale wa A, wengi waliniambia kama wananunua mamega mara moja moja, ao telefone iko lakini haina moto kwa sababu hakuna umeme. Kwa hiyo tangazo letu kubwa, lile la maneno makali, mu avenu sita lilikuwa limefikia labda watu kumi. Nyumba zenye picha yake tulitia ku intaneti, wenyewe hawakujua kama tumetia.

Papa mumoja, mwenye alifanyaka kazi ku Gécamines zamani, aliangalia katelefone kangu mu mukono, akatoa kake. Tulikuwa karibu sawasawa, kake kamefungwa na kamba ya mupira. Akacheka. Akasema: "Mi nilizania banamemba ya ile mambo yenu beko batoto ya ba-patron. Ikala." Nikaikala. Tuliongea saa nzima. Ni yeye alinieleza mwaka wenye walichimba ule mufereji, namna maji ilikuwa inapita, na mahali moja chini ya kalaviti penye unazibiaka kila mara. Hakuna mutu mu kikundi chetu alijua ile. Tungeandika matangazo mia moja bila kuijua. Na kama ningepiga hodi kwake na Android mu mukono, sijui kama angeniambia nikae.

Posho yenye ilifuata, nilituma SMS ya maneno machache ku namba zote. Wenye hawajue kusoma, niliwapigia. Walikuja watu 60 na zaidi, na majembe, na mapao, na mifuko ya kubebea matope. Papa yule alisimama pale juu, akatuonyesha mahali pa kuchimba. Tulizibua ile kalaviti siku ileile. Kisha wajumbe watano walipeleka barua kwa wakubwa, na sahihi za watu chini yake, wengine kidole. Mufereji haujatengenezwa, jibu la barua bado tunangojea. Lakini ubao mupya uko pale, na watoto wanapita.

Tulipaswa kujua hii zamani, kwa sababu inchi yetu ilitufundisha mara mbili. Mu January 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti na SMS. Tena tarehe 31/12/2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa mu inchi nzima, na ilirudi karibu siku 20 kisha, mu January 2019. SMS nazo zilizimwa. Mimi nilikuwa ninamaliza sekondari. Ninakumbuka telefone za bei kubwa zilikuwa saa na kamera tu. Kulibaki kupiga simu, na kulibaki miguu. Mwenye alikuwa na namba za watu ku karatasi aliendelea kujua mambo. Mwenye alikuwa na grupe tu alibaki peke yake na kioo chake.

Ndiyo maana sisemi kama SMS ni dawa. Nayo inaweza kukatwa kwa amri moja yenye inatoka Kinshasa. Kwa hiyo mu kaye yangu kuna namba ya simu, na kando yake kuna avenu na namba ya nyumba. Simu ikikatwa, mulango uko.

Na mukumbuke RAM. Kuanzia mwezi wa kenda 2020, unite zilikuwa zinakatwa mu telefone zetu, wanasema ni kwa kuandikisha kila telefone: dolari 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G, na bei ya chini kwa ile ya 2G. Watu mingi walikatwa bila kujua hata jina la kitu chenye kinawakula. Walizania ni watoto wanacheza na simu. Vuguvugu za raia zilipinga, mashirika yalipinga, waziri akaenda kujieleza mbele ya wadepite mu 2021, na mwanzo wa 2022 RAM ikaondolewa. Kelele ya intaneti ilisaidia. Lakini mimi ninaamini tulishinda kwa sababu mama mwenye anauzisha tomati ku soko ya Kenya na mwanafunzi wa Kasapa walikuwa na kilio kimoja. Ile kilio haikuhitaji grupe ili ieleweke. Je, mambo mengine yenye tunapigania leo, yule mama anayasikia toka kwa nani?

Wenzangu wananipinga kwa mambo mawili, na wako na haki.

La kwanza ni kamera. Mwenye silaha akipiga mutu bila sababu, video njo ushahidi, na katelefone kangu hakana video ya maana. La pili ni usalama. Maneno ya WhatsApp yamefungwa toka mutu mumoja mpaka mwingine tangu 2016. SMS haifungwe vile, kampuni ya simu inaweza kuiona, na mwenye nguvu anaweza kuiomba. Ni kweli. Kwa hiyo kikundi kinahitaji Android. Lakini kikundi cha watu kumi kinaweza kutumikia mbili ao tatu: ya kupiga picha, ya kutuma tangazo. Na jina la mutu mwenye iko mu hatari lisitumwe ku SMS; linasemwa uso kwa uso, chini ya muti. Maandishi haya yenyewe niliandika na kalamu, mwenzangu njo aliyaingiza ku mashine. Sioni haya juu ya ile.

Tena nisieleweke vibaya. Kuna wakubwa wenye wanapenda kusema kama vijana hawana kazi kwa sababu wanaangalia telefone muchana kutwa. Mimi nimekaa miezi minane bila ile telefone, na bado sina kazi. Kwa hiyo watafute sababu ingine. Siombe kijana yeyote atupe Android yake. Ninaomba tusijenge nyumba yetu mahali penye jirani hawezi kuingia.

Haya njo ninapendekeza kwa kikundi chetu, na kwa vikundi vingine vyenye vinasoma hapa.

Kwanza, tangazo lolote lenye linahusu kartie, lianzie mu kartie. Liandikwe kwa maneno yenye yanaweza kuingia mu SMS moja, mu Kiswahili chetu, na libandikwe ku soko, ku kanisa, ku bomba ya maji, kwa ruhusa ya wenyewe. Intaneti ije kisha.

Pili, kila kikundi kiwe na kaye ya namba na avenu. Isiandikwe jina lote, jina moja linatosha. Iwe mbili, zichungwe mu nyumba mbili, na isibebwe hata siku moja ku maandamano, kwa maana ikikamatwa, tunakamatisha kartie nzima.

Tatu, tuulize wenye kutoa kazi na wenye kutumikia raia jambo moja dogo: liste ikitoka, ibandikwe ku mulango, na mwenye aliacha namba apigiwe simu. Simu ya dakika moja haifilisishe kampuni. Mimi ilinikosesha teste, na kuna mwingine itamukosesha matunzo ao haki yake mbele ya tribinali.

Ine, tusiache kupigania bei ya mamega. Kama serikali na makampuni wanataka kila kitu kipitie ku intaneti, basi intaneti haiko tena anasa, na haiwezi kuuzishwa kama anasa kwa mutu mwenye anakopa makala.

Watu wananiuliza: "Sasa utatengeneza kioo lini?" Nitatengeneza. Ninatafuta kazi, na wenye kutoa kazi hawajabadilika. Kila wiki ninapita kwa rafiki kuangalia kama kuna liste yenye jina langu, na kila mara tumbo linanikaza mbele ya kufungua. Sitaki tena kukosa kwa siku mbili. Lakini hata siku ile, katelefone kale kitabaki mu mufuko mwingine, na kaye itabaki juu ya kabati, kwa sababu ile 51 sitaisahau tena.

Posho yenye inakuja tunakutana ku ubao wa mufereji, asubuhi mbele jua kali. Wewe mwenye unasoma hii, uko na mamega. Tafazali, kisha kusoma, pita kwa jirani mwenye hana, umuambie na mudomo.